Fundi Aliyekataa Sahani

Watu wengi wakikaribishwa nyumbani kwa mtu huangalia nyuso za wenyeji. Fundi aliangalia kona. Ulimwambia karibu, akasema asante, na macho yake yalikuwa yameshapanda kwenye kenchi, yakashuka na ukuta, yakatua sakafuni, na huko yakakaa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Ndipo alipokusalimu. Kama hakuridhika na sakafu, salamu ilikuwa fupi.

Sitaeleza alikozaliwa wala ukoo wake. Wapo waliosema alivuka mto Kagera akiwa kijana, na wapo walioapa kwamba ni wa hapahapa Nyabiyonza, ila kwa ukali wake watu walipenda kuamini ametoka mbali. Sikumuuliza. Nilifika pale kufundisha shule ya msingi muda mfupi baada ya vita vya Uganda, nikamjua kwa zaidi ya miaka kumi, na kwa miaka yote hiyo nilimwita Fundi kama kila mtu alivyomwita.

Alikuwa mwashi aliyeacha kujenga kwa sababu magoti yake yalikataa ngazi. Kazi iliyombakia haikuwa na jina katika Karagwe yetu. Mtu akitaka kununua nyumba, alimwita Fundi aje aigonge. Basi. Alikuja na koti lake la kaki, na mfukoni mwa koti mlikuwa na ufunguo mkubwa wa chuma, spoki ya baiskeli, vipande vya chaki, na gonja, ndizi ya kuchoma, lililofungwa kwenye jani la mgomba. Ufunguo ulikuwa wa kufuli lililopotea zamani. Nyumba yake mwenyewe ilikuwa na mlango wa matete uliofungwa kwa kamba ya mgomba, kwa hiyo ufunguo ule haukufungua chochote duniani. Aliutumia kugongea kuta za watu.

Urafiki wetu ulianza kwa chaki. Alikuja shuleni siku moja wakati wa mapumziko, akasimama mlangoni mwa darasa la tano, akaniomba vile vipande vidogo visivyoshikika tena. Nilidhani ana mjukuu anayecheza shule. Kumbe alikuwa anapima nyufa. Alichora mstari mfupi kukatiza ufa, akaandika tarehe kando yake, akaenda zake. Akirudi baada ya wiki kadhaa akaukuta mstari mzima, alijua ufa umelala. Akiukuta umekatika, kipande kimoja juu na kingine chini, alijua ukuta unatembea.

"Unatembea kwenda wapi?" nilimuuliza, kwa ujinga wa mtu aliyesoma.

"Chini, Mwalimu. Ulitaka uende wapi?"

Ndivyo alivyowajibu watu wote, wakubwa kwa wadogo. Hakuwa na ubaya moyoni, lakini ulimi wake haukupitia moyoni kabla ya kutoka. Miaka ile saruji ilipatikana kwa kibali, kwa foleni na kwa kujuana, na watu wengi walijenga kwa tope, wakapaka juu yake ngozi nyembamba ya saruji, wakapiga chokaa, wakaiita nyumba ya saruji. Fundi aliitambua nyumba ya namna hiyo kwa kidole kimoja. "Huyu amevaa tai bila shati," alisema, mwenye nyumba akiwa amesimama palepale na tai yake shingoni.

Hakukagua nyumba siku ya jua, labda umlazimishe. Wauzaji wote walimtaka aje Julai, wakati wa vumbi, ambapo hata kibanda cha mbuzi huonekana cha kudumu. Yeye alingoja mvua ya kunyesha kweli, akaenda amejifunika gunia kichwani, akasimama katikati ya sebule ya watu akisikiliza. Kisha alimwacha baba mwenye nyumba na maelezo yake, akamfuata mama jikoni na kumuuliza swali moja: "Mama, mvua ikinyesha, kitanda mnakisogeza wapi?" Wanaume walikuwa wameshajiandaa kwa maswali ya nguzo na misumari. Wanawake hawakuwa wamejiandaa kwa swali hilo, na wengi walinyoosha kidole kabla ya kukumbuka kwamba nyumba inauzwa.

Alifunua pia kalenda. Kwetu kalenda haitupwi mwaka ukiisha, maana picha bado ni nzuri, na Fundi aliamini kwamba kalenda ya miaka mitatu nyuma haining'inizwi bure. Nyumbani kwa katekista mmoja alikuta picha ya Familia Takatifu imetundikwa chini sana, karibu na usawa wa kiti. Akafanya ishara ya msalaba, akaiondoa kwa heshima zote, na nyuma yake ulikuwepo ufa wa kuingia mkono. "Mtakatifu Yosefu ni seremala," alimwambia katekista. "Kazi ya uashi unamwonea." Katekista hakumsalimu mpaka Pasaka.

Kanisani kwenyewe alikuwa hatari zaidi. Jumapili moja, mahubiri yakiendelea, Fundi aliinuka kutoka benchi lake, akatazama juu, akahamia benchi la upande wa pili.  Jirani yake akatazama juu naye, akahama. Kabla ya mahubiri kwisha upande mzima wa kushoto ulikuwa mtupu, na padre alikuwa anahubiria mabenchi. Wiki iliyofuata kenchi ya upande ule ilibadilishwa. Walipoishusha waliikuta imeoza pale inapokutana na ukuta, na mwenyekiti wa kigango akatangaza kwamba kamati ilikuwa na mpango huo tangu zamani.

Jambo lililowaudhi watu kuliko yote lilikuwa sahani. Kwetu mgeni haondoki bila kula. Ukikataa chakula cha mtu umemtukana yeye na mama yake, na jina lako litatajwa kwenye misiba kwa miaka. Fundi alikataa kila sahani katika kila nyumba aliyokwenda kukagua. Mwenye nyumba alileta ndizi na maharage, alileta maziwa, mmoja aliwahi kuchinja kuku, na Fundi akatoka nje, akaketi juu ya jiwe, akafungua jani lake na kula gonja lake lililopoa.

"Nikishakula kuku wa mama huyu," aliniambia, "nitamwambiaje kwamba ukuta wake umeoza?"

Malipo alipokea kwa mnunuzi peke yake, na yalikuwa yaleyale, akisema nunua au akisema kimbia. Muuzaji mmoja alimpelekea beberu. Fundi alimpokea beberu vizuri, akamshika kamba, akamtembeza hadi kwa mnunuzi, akamfunga kwenye mgomba wake na kusema, "Huyu ameletwa azibe ufa. Jua kwamba upo."

Msinielewe vibaya, hakuwa mtu mwerevu kwa kila jambo. Nyumba yake ilivuja. Upande mmoja ilikuwa imeegemezwa mti, na ukimtania alisema, "Yangu naijua. Nyinyi mnanunua msizozijua." Na alitapeliwa kirahisi na kila mtu asiyeuza nyumba. Alinunua redio kwa mchuuzi aliyepita na baiskeli, redio nzuri yenye vifundo vinavyong'aa, akaibeba nyumbani kwa furaha, na alipofungua mgongo wake kuweka betri akakuta tofali lililofungwa kwenye gazeti. Yeye, aliyegonga kila kitu, hakuigonga. Kijiji kilicheka mwezi mzima. Alichotetea ni ubora wa tofali lenyewe, kwamba lilichomwa vizuri.

Nayasema haya ya redio kwa sababu baadaye yaliniponza.

Mama yangu alikuwa anaishi jikoni kwa kaka yangu. Baba alipofariki, kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa, pamoja na nyumba vilikwenda kwa kaka, ambaye ni mkubwa, na kaka alikuwa na mke na watoto saba. Mama akahamia kwenye nyumba ya jiko kwa muda tu, kama alivyosema kila mtu, na muda ule ukawa miaka minne. Hakulalamika. Ila wajukuu walipita juu ya miguu yake kwenda kuchukua moto, na mkaza mwana aliingia alfajiri kupuliza kuni bila hodi, maana nani hupiga hodi jikoni kwake? Mimi nilikuwa kwenye nyumba ya shule ya vyumba viwili na familia yangu. Nilipomuuliza mama anataka nini hasa, hakutaja nyumba. Alisema, "Nataka mlango ambao mtu akitaka kuingia ataniuliza kwanza."

Kwa hiyo niliposikia karani mmoja wa mizani ya kahawa anauza nyumba na kibanja huko Chonyonyo, nilikwenda ofisi ya mikopo kule Kayanga nikaomba. Ofisi ikamtuma mtu wake akathamini. Nitamwita Bwana Mthamini. Alikuwa mtu safi mwenye suti ya Kaunda na kalamu tatu mfukoni, na nataka niseme mapema kwamba hakudanganya mahali popote. Alishuka kwenye Land Rover, akapima nyumba kwa nje kwa utepe, akahesabu mabati kutoka barabarani, kisha akaingia shambani akakaa saa nzima akihesabu mibuni shina kwa shina. Aliporudi alikaribishwa ndani, akala sahani mbili, akaandika: Ukuta, saruji. Paa, bati. Hali, nzuri. Akapiga muhuri.

Karatasi ile niliisoma mpaka nikaikariri. Nilimsomea mama, na mama, asiyejua kusoma, aliomba ashike muhuri. Tuliona kwamba serikali nzima imeingia ndani ya nyumba ile na kutoka imeridhika.

Nilimtajia Fundi siku alipokuja kuchukua chaki. Nilimtajia kwa kujigamba, si kwa kumwomba shauri. Akauliza, "Nani ameigonga?" Nikamwambia imethaminiwa. Akauliza tena, polepole, kama ninavyowauliza watoto wa darasa la kwanza, "Nani ameigonga?" Tukaenda Jumatano, ingawa ilikuwa Julai na vumbi. Alinung'unika njia nzima.

Mama alikuwa ametangulia. Tulimkuta sebuleni na mke wa karani, na katikati yao sahani ya kumbikumbi waliokaushwa na kukaangwa kwa chumvi, wale tunaowaita enswa nyumbani. Mama alikula kwa macho yaliyofumbwa.

"Hatuwafuati porini," karani alieleza. "Hawa ni wa humuhumu ndani. Mvua za kwanza zikianza, wanatoka pale konani chini ya mkeka. Tunaweka beseni tu."

"Nyumba inayokuletea mboga mpaka kitandani," mama alisema, na niliona kwamba ameshahamia.

Sahani ikasogezwa kwa Fundi. Alikuwa anawapenda enswa kuliko kitu chochote cha kuliwa, na nilimwona akimeza mate. Akaisukuma nyuma taratibu kwa kidole.

"Bwana Mthamini alikula mbili," karani alisema, ameumia.

"Alionyeshwa wanapotokea?"

"Alionyeshwa. Akasema ni neema."

Fundi akauinua mkeka. Akagonga ukuta kwa ufunguo wake kuanzia mlangoni, na ukuta ukajibu kwa sauti moja mpaka alipokaribia kona, ambapo ulijibu kama debe tupu. Akachutama kwa shida, akatoa spoki, akaichomeka sakafuni. Iliingia yote bila kusukumwa, ikabaki kichwa tu. Akaitoa, akaifuta kwenye suruali, akanitazama, akatoka nje kula gonja lake.

Nilimfuata kwenye jiwe lake.

"Mwalimu, yule mtu wa ofisi alitumwa kujua nini?"

"Thamani ya nyumba."

"Alitumwa kujua kama wewe ukishindwa kulipa, ofisi itauza na kupata chake. Amehesabu mibuni, ameona ofisi itapona, na amesema kweli. Hakuna aliyemtuma kuangalia kama mama yako atapona." Alitafuna. "Chini ya kona ile kuna kichuguu kizima, na ukuta ni tope limepakwa saruji. Ngoja mvua. Nipe wiki mbili za mvua na chaki yako. Tukishaona, utazungumza naye bei upya, au utamwachia wadudu wake."

Lilikuwa shauri zuri, na ningelifuata kama si rubisi. Kwetu nyumba haiuzwi kwa karatasi peke yake. Balozi wa nyumba kumi na majirani hukaa, muuzaji huleta pombe ya ndizi, mnywaji wa kwanza ni mnunuzi, na kila aliyeonja amekuwa shahidi. Karani alikuwa ameshakamua ndizi zake siku hiyohiyo ya Jumatano asubuhi. Rubisi yake ingeiva Jumamosi, na ikifika Jumatatu ingekuwa imechacha. Alinieleza kwa upole kwamba mtu aliyealika watu kwenye pombe akaiacha ichache, hawamwamini tena. Balozi alipita kuniuliza saa ngapi aje.

Nilimweleza mama maneno ya Fundi. Alikuwa ameshamuaga mkaza mwana, ameshafunga vyombo vyake viwili kwenye khanga. Akaniangalia kwa huruma.

"Waitu, mwanangu," alisema. "Fundi huyuhuyu ambaye redio yake ni tofali?"

Basi mimi, mwenye cheti cha ualimu, nilinunua nyumba kwa sababu pombe ingechacha. Jumamosi nilikunywa wa kwanza. Fundi alikuja, akanywa sana, akala enswa sahani tatu. Nilipomshangaa akasema, "Kukagua nimemaliza. Leo nimealikwa." Kabla ya kuondoka alimwendea mama, akainama na kumwambia, "Mama, kitanda chako usikiweke kona ile." Mama akamshukuru. Akakiweka kona ileile, ili awe karibu na beseni.

Nataka kusema kwamba kwa miezi mitatu alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona tangu baba afariki. Mlango ulikuwa wa mninga, wenye kitasa, kitu kizuri kuliko vyote katika nyumba ile. Nilipokwenda kumtembelea aliufunga makusudi aliponiona kwa mbali, ili nipige hodi. Nilipiga. Alikaa kidogo ndani, kisha akauliza, "Nani?" kwa sauti ya mtu mwenye shughuli zake.

Ukuta ulianguka baada ya mvua za kwanza, mchana, mama akiwa jikoni nje anakaanga enswa walewale wa konani. Kona ilizama, ukuta ukafuata, na bati za upande ule zikalala juu ya kitanda. Nilipofika nilimkuta ameketi kwenye kinu, kikaango kikiwa mapajani, enswa wameungua wote. Hakuwa na jeraha. Nilimshika mikono, na kila neno la pole nililotaka kusema lilianza na kosa langu. Jioni ile alirudi jikoni kwa kaka. Mkaza mwana alikuwa ameshaweka kuni mahali pake, akaziondoa bila neno, na neno lile lisilosemwa liliniuma kuliko ukuta.

Wapo waungwana ambao hawasemi "nilikuambia." Fundi alisema mara tatu, na ya tatu aliisema kwa Kinyambo ili majirani wasikose. Nilistahili. Kisha akavua koti, akaingia kwenye kifusi kwa magoti yale yaliyokataa ngazi, akachimba siku mbili. Sikujua anatafuta nini mpaka alipokitoa. Ulikuwa mlango, mzima, na kitasa chake. Tukaubeba mimi na yeye hadi kwa kaka, tukauegemeza ukutani nje ya jiko. Mama aliusugua kwa maji, akaufunika gunia.

Ofisi ya mikopo niliiandikia barua. Walinijibu kwa heshima kwamba wamepokea taarifa ya ukuta, wananipa pole, na kwamba wameridhika dhamana haijaathirika kwa kuwa mibuni yote imesimama. Ilikuwa kweli. Nilipouza kibanja kwa jirani, ambaye hakuitaka nyumba bali kahawa, deni likaisha lote, hakikubaki kitu upande wao wala upande wangu. Bwana Mthamini nilikutana naye Kayanga, akanishika mkono kwa furaha ya mtaalamu. "Unaona, Mwalimu," alisema, "makadirio yangu yalikuwa sahihi kabisa." Nilimwambia ndiyo, yalikuwa sahihi.

Ikapita miaka sita. Mlango ulibaki umeegemea ukuta wa jiko la kaka. Kila kiangazi mama aliutoa gunia, akaupaka mafuta kwenye bawaba, akaufunika tena. Watu walimuuliza ni wa nini, akasema ni wake.

Katika miaka hiyo Fundi alizeeka ghafla. Macho yaliingia ukungu, akawa anagonga kuta na kuuliza waliokuwa naye wanaona nini. Watu waliacha kumwita. Kisha binti yake aliyeolewa Kibingo alituma ujumbe kwamba anamtaka akakae naye, na nikasikia Fundi anauza nyumba. Nilikuwa nimeweka akiba kidogo. Nilimwendea kumsalimu, na kabla sijafungua mdomo alisema, "Mlete mama yako," akanitajia bei. Ilikuwa bei kubwa kwa nyumba iliyoegemezwa mti. Sikuomba apunguze, kwa sababu alikuwa Fundi, na kwa sababu alikuwa mzee na nilimpenda.

Tulikwenda mimi na mama kwenye siku ya mvua. Sikuichagua mimi. Mama aliamka asubuhi, akatazama mawingu, akasema leo. Tukapiga hodi, Fundi akafungua ile kamba ya mgomba, tukaingia kupitia mlango wa matete.

"Shikamoo, Fundi," nilisema.

"Marahaba, Mwalimu. Karibu, mama. Ketini."

Sebule ilikuwa imefagiwa. Ukutani, karibu na usawa wa kiti, ilining'inia kalenda yenye picha ya ng'ombe wa maziwa, ya miaka mitatu nyuma. Nilijisemea siioni. Juu ya meza alikuwa ameweka sahani ya enswa, wapya wa msimu, wamekaangwa vizuri, wanang'aa.

"Kuleni kwanza," Fundi alisema. "Mmetoka mbali."

Hatukuwa tumetoka mbali. Nilimtazama usoni, na mpaka leo sijui alikuwa ananijaribu au alikuwa muuzaji kama wauzaji wengine. Nilichoona ni mzee mwenye haja ya nauli na ya kwenda kwa binti yake na kitu mkononi. Nikanyoosha mkono kuchukua enswa, kwa adabu na kwa mapenzi, na kwa uzembe uleule wa zamani.

Mama akaushika mkono wangu. Akaisukuma sahani nyuma, taratibu, kwa kidole kimoja.

"Fundi," alisema, "mvua ikinyesha, kitanda unakisogeza wapi?"

 Nje mvua ilikuwa inapiga migomba. Mkono wa Fundi ukainuka wenyewe, ukanyooka kuelekea kona ya mlangoni, mbali na kalenda. Mama akainuka, akaenda kwenye kalenda, akamgeuza ng'ombe. Ufa ulikuwepo, wa kutoka juu hadi chini. Juu yake kulikuwa na mistari ya chaki, ya shuleni kwangu, mmoja chini ya mwingine, na tarehe kando ya kila mmoja. Ya mwanzo ilikuwa imenyooka. Ya mwisho ilikuwa imepinda, ya mtu asiyeona vizuri. Yote ilikuwa imekatika katikati.

"Unatembea," mama alisema.

"Unatembea," Fundi alikubali. "Ukuta huo ubomoe mpaka chini, ujengwe tena kwa mawe. Kuta tatu nyingine ni imara, zitadumu mpaka ziwazike wewe na Mwalimu. Bati lina matundu tisa, nitawaonyesha. Chini hakuna wadudu, nimechomeka spoki kila mahali." Akavuta pumzi. Sura yake ilikuwa imefunguka, na nilipata shida kuitazama. "Bei niliyokutajia, Mwalimu, si hiyo tena. Punguza theluthi."

Mama akarudi kwenye kiti chake, akaivuta sahani mapajani. Akatia enswa wa kwanza mdomoni, akatafuna bila haraka, akitazama kule tulikoingilia.

"Na matete yale uyatoe," alisema. "Mlango ninao."